Fungu la Mvua

1

Kila Alhamisi saa kumi alasiri mvua ilinyesha katika chumba cha nyuma cha Ubalozi Mdogo, na kila Alhamisi Tusekile Mwambungu alivua viatu vyake vya kazi, akakunja suruali hadi magotini, akaingia kulowa pamoja na raia aliotumwa kuwahudumia.

Ilikuwa mvua ya dakika kumi na mbili tu. Maji yalitoka kwenye mabomba yaliyotobolewa matundu darini, yakaanguka nusu juu ya paa la bati na nusu juu ya vichwa vya watu. Bati hilo lilisafirishwa kutoka nyumbani hadi Mirihi na konseli wa kwanza, marehemu Bwana Kapufi, katika chombo ambacho abiria alipimiwa hata uzito wa mswaki wake. Wenzake walimcheka. Lakini Kapufi alikuwa amekaa ughaibuni miaka mingi, akajua kwamba mtu huikumbuka mvua kwa masikio kabla ya ngozi. Waliotaka kulowa walisimama mbele. Waliotaka kusikiliza walisimama chini ya bati, wamefumba macho.

Tusekile alikuwa wa wale wa mbele. Alikulia Tukuyu, ambako mvua haibishi hodi. Kuanzia Machi hadi Mei sare za shule hazikukauka. Mama yake alizitundika juu ya moto wa kuni, na watoto wakaenda darasani wakinuka moshi. Akiwa msichana aliichukia mvua ile. Alimwambia mama yake kwamba akikua atahamia mahali pasiponyesha kabisa. Mama alicheka tu, akaendelea kuanua maharage. Sasa Tusekile alikuwa na miaka hamsini na saba, akiishi mahali pasiponyesha kabisa, na mama alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita. Mazishi hayo Tusekile aliyatazama kwenye kioo, dakika kumi na nane nyuma ya waombolezaji wengine, kwa sababu huo ndio muda ambao picha zilichukua kusafiri.

Alhamisi hiyo mabomba yalipofungwa, alimwona Makame Vuai amesimama mlangoni. Vuai alikuwa ofisa utawala wake na mtumishi pekee mwingine wa ofisi ile, mtu wa Makunduchi, mpole, ambaye kwa kawaida hakosi mvua. Leo viatu vilikuwa miguuni.

"Bajeti imekuja, Bi Tusekile," alisema. "Jifute kwanza, ndipo tuzungumze."

2

Waswahili waliliita jiji lile Bakuli, kwa kuwa lilijengwa chini kabisa ya bonde la mviringo. Humo hapakuwa na kitu cha bure, na hewa ndiyo iliyoongoza kwa bei. Mitambo ya jiji ilichimba barafu ardhini, ikaitenganisha kwa umeme, ikapeleka oksijeni hadi kila mlango, kisha ikairudisha hewa iliyotumika na kuisafisha. Kila mkazi alivaa kifuani kadi ya pumzi. Kijani maana yake mwajiri wako amelipa. Manjano, siku zako zinaisha. Nyekundu, unapandishwa chombo cha kwanza kinachorudi Dunia, umelazwa usingizi wa baridi pamoja na shehena.

Hewa ya Ubalozi Mdogo ililipiwa na serikali nyumbani katika gharama za ofisi, pamoja na karatasi, taa, majani ya chai na kodi ya jengo. Watumishi wawili, muda wote. Wageni, saa za kazi tu.

Mvua haikuwamo. Kapufi alijua hakuna wizara duniani ingeidhinisha fedha za kunyeshea watu ndani ya nyumba, kwa hiyo aliandika "matengenezo ya mabomba", na kila mwaka fungu hilo likapita. Tusekile alipolirithi dawati lake aliuona mstari huo, akauliza, akaonyeshwa chumba. Mwaka wa kwanza mkono wake ulisita kidogo kabla ya kutia saini. Hadi sasa alikuwa ametia saini mara kumi na moja.

"Wamepunguza theluthi," alisema Vuai. "Halafu mkaguzi anataka maelezo ya kina kuhusu mabomba."

"Maelezo gani?"

"Kwa nini mabomba ya ofisi yenye watu wawili yanakula umeme kama zahanati."

Tusekile aliketi. Nywele zake zilikuwa bado zinadondosha maji kwenye mabega.

Vuai alimweleza alichopanga. Kunyesha kwenyewe hakukuwa na gharama kubwa, maji yalikuwa yaleyale yanayozunguka. Kilichokula umeme ni kukikausha chumba baada ya mvua, maana unyevu ukiachiwa siku mbili huingia ukutani na kuoza. Wakipunguza joto la ofisi, wakazima taa za ukumbi na kuacha hafla ya Uhuru, mvua ingepona. "Na mkaguzi tutamwandikia kwamba mabomba ni ya zamani, yanavuja. Si uongo sana."

"Si sana," Tusekile alikubali.

Alikubali upesi, na baadaye aliona aibu kwa upesi ule.

3

Mzee Masalu Ng'wandu alikuja Jumatatu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa rasmi, akangoja kwenye benchi la nje hadi alipoitwa. Tusekile alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Naona mna baridi humu."

"Tunabana matumizi."

Alikuwa na miaka sitini na saba, mrefu, mifupa mitupu, na kadi kifuani mwake ilikuwa ya manjano. Alikuja Mirihi na kundi la kwanza la wachimbaji, miaka ishirini na sita iliyopita. Yeye na wenzake ndio waliochimba handaki ambalo ofisi hii ilijengwa ndani yake. Wenzake walirudi au walikufa. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imefilisika mwezi uliopita, ikawalipia wafanyakazi wake hewa ya siku thelathini, ikafunga. Vijana walipata kazi kwingine. Yeye hakuna aliyemtaka.

Alitoa karatasi ya hospitali, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Tusekile aliisoma mara mbili. Moyo wa mtu aliyeishi miaka ishirini na sita mahali ambapo mwili hauna uzito sawasawa husinyaa. Daktari aliandika kwamba mgonjwa akirudi Duniani, uzito wa huko utamwelemea, hatamaliza wiki.

"Chombo kinaondoka Ijumaa," alisema Masalu. "Wameshaandika jina langu. Nilikuja kuuliza kama hapa kuna nafasi ya kukaa. Nimesikia kwamba kwa sheria hapa ni nyumbani."

"Kwa sheria, ndiyo."

"Sihitaji kitanda. Pembe yoyote inatosha."

Hakuomba zaidi ya hapo. Tusekile alimwambia Vuai amchemshie chai, kisha wawili hao wakaenda chumba cha nyuma ili wazungumze wasisikike. Chumba kilikuwa kikavu, na bati lilitoa milio midogo kila mtambo wa joto ulipozimika.

"Umeme wa chumba hiki," Tusekile alisema, "ukigeuzwa hewa, unatosha watu wangapi?"

Vuai alikuwa ameshapiga hesabu hiyo mwenyewe, ilionekana usoni. "Mmoja. Na chenji kidogo ya kupikia chai."

"Mmoja."

"Lakini hakuna haja ya kuzima, Bi Tusekile. Mwandike mlinzi wa ofisi. Tutakuwa watumishi watatu badala ya wawili. Atapata kadi ya kijani leo hii, na mvua itabaki. Huko nani atakuja kuhesabu?"

"Mzee wa moyo mbovu ndiye mlinzi?"

"Umetia saini mabomba mara kumi na moja kwa ajili ya mvua," Vuai alisema taratibu, bila ukali. "Hutatia saini mlinzi mara moja kwa ajili ya mtu?"

Miaka thelathini na moja serikalini alikuwa amejiona mtumishi mnyoofu, na sasa aliona kwamba unyoofu wake ulikuwa na mlango wa nyuma, naye alikuwa akiutumia kila Alhamisi akiwa pekupeku. Vuai hakumwambia jambo baya. Alimwambia tu alivyo.

"Uongo wa mabomba ukigunduliwa, tunakosa mvua," alisema mwishowe. "Uongo wa mlinzi ukigunduliwa, yule pale anakosa pumzi. Na mkaguzi ameshaanza kuuliza. Siwezi kumlaza mtu juu ya karatasi ambayo najua itachanika."

"Basi utafanya nini?"

"Nitawaambia kila kitu."

Vuai alilitazama bati. "Watakuondoa."

"Huenda."

4

Alirekodi ujumbe siku hiyohiyo, ameketi wima mbele ya kamera, bendera nyuma yake. Alimwambia Mkurugenzi wa Utawala, Bwana Mkude, kwamba matengenezo ya mabomba hayakuwahi kuwa matengenezo. Alieleza chumba kilivyo, nani alikijenga, nani alikiendeleza. Hakumficha Kapufi wala hakujificha nyuma yake. Kisha akaeleza habari za Mzee Masalu, akasoma karatasi ya daktari neno kwa neno, akaomba fungu lile lile, bila kuongezwa hata senti, litumike kumlipia raia huyo hewa kwa muda wote atakaoishi.

"Nasubiri maelekezo yenu," alimaliza. "Wakati nasubiri, mzee atakaa hapa."

Baada ya dakika kumi na nane ujumbe ulifika. Jibu halikuja. Vuai alifungua kalenda ya nyumbani, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo: ilikuwa sikukuu, na baada ya sikukuu mapumziko hadi mwisho wa wiki. Walikuwa wamevuka anga kwa kasi ya mwanga ili wakute mlango umefungwa.

Alhamisi ilipofika, watu walikuja kama kawaida, wapata sitini, taulo mabegani. Tusekile aliwapokea ukumbini akiwa amevaa viatu. Aliwaambia kwamba leo hakutanyesha, wala wiki ijayo, na akawaambia sababu. Hakutaja jina la Masalu, lakini mzee alikuwa ameketi palepale pembeni na blanketi la ofisi, na watu si wajinga.

Kisha Mwanahawa Kitogo, muuguzi wa zahanati ya mgodi, alisogea mbele. Alikuwa mwanamke wa Kilwa, asiyezungusha maneno.

"Mheshimiwa, nikuulize. Binti yangu ana miaka mitano. Kazaliwa hapa. Lugha ya bibi yake anaisikia kwangu tu, chakula cha kwao hajakijua, bahari ameiona kwenye picha. Kitu kimoja cha kwao anachokijua kwa mwili wake ni kile chumba. Unakichukua, nimpe nini?"

"Sina cha kukupa badala yake," Tusekile alisema.

"Basi?"

"Basi sina, Mwanahawa. Ningekuwa nacho ningekupa. Mimi mwenyewe naingia mle mara nyingi kuliko ninavyokwenda kanisani. Lakini sikuweza kusimama mle nikilowa huku najua maji yale ni pumzi ya mtu."

Masalu alianza kuinuka, blanketi likiteleza. "Mama, niruhusu. Mimi nimeshakula miaka yangu. Nitapanda hicho chombo kesho. Sitaki watoto wa watu waambiwe yule mzee ndiye aliyekata mvua."

"Kaa, mzee," alisema Mwanahawa bila kumgeukia.

"Mwanangu, nasema..."

"Nimesema kaa. Nilikuwa naongea na Konseli, si wewe." Alivuta pumzi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hilo lilimwudhi. "Karatasi ile ya hospitali niliipiga muhuri mimi. Najua kilichoandikwa. Mtu hakatazwi kulia kwa sababu tu jambo ni la haki."

Akaikunja taulo yake vizuri, kona kwa kona, akatoka. Wengine walimfuata mmojammoja. Baadhi walimpa mzee mkono wakipita. Baadhi hawakumtazama. Fundi mmoja wa mitambo aliyekuwa akija tangu enzi za Kapufi aliingia chumba cha nyuma peke yake, akagusa bati kwa vidole, akaondoka bila kuaga.

5

Ijumaa saa nne asubuhi Ofisa wa Hewa wa jiji, Bi Quispe, alifika mlangoni na walinzi wawili na kiti cha magurudumu. Alisema kwa lugha yake, na kifaa kilichobanwa kwenye ukosi wake kikasema Kiswahili cha adabu kupita kiasi. Kadi ya Bwana Ng'wandu ilikuwa imegeuka nyekundu alfajiri. Chombo kilikuwa kinafunga milango saa nane.

"Yuko katika ardhi ya nchi yake," Tusekile alisema.

"Ardhi ni yenu, Mheshimiwa. Hewa ni yetu. Nani analipa?"

"Ofisi hii."

"Kwa kibali cha nani?"

Hapo ndipo Tusekile alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka thelathini na moja: aliamua bila maelekezo. Alikwenda kwenye sanduku la ukutani lililogawa umeme wa ofisi, akaingiza namba yake ya siri, akauhamisha mgao wote wa chumba cha nyuma kwenye kadi ya Masalu. Kwenye kisanduku cha "aliyeidhinisha" aliandika jina lake mwenyewe. Nyuma yao kitu kiliguna ukutani, mtambo wa kukausha ukijizima. Kadi kifuani mwa mzee ilipita kwenye manjano, ikatulia kwenye kijani.

Bi Quispe aliisoma kwa kipimo chake. "Hii inatosha hadi mwisho wa mwaka wenu wa fedha. Serikali yako ikiikana?"

"Utakuja tena, na utanikuta."

Ofisa yule alimtazama, kisha akamtazama mzee, akafanya ishara kwa walinzi wake wakigeuze kiti. Mlangoni alisema jambo moja ambalo kifaa kilichelewa kulitafsiri: baba yake naye alikuwa mchimbaji.

Jibu la Wizara lilifika Jumanne. Tusekile alimwomba Vuai na Masalu wakae naye wakati wa kulisikiliza, kwa sababu liliwahusu wote. Bwana Mkude alionekana amechoka, miwani mkononi. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi na sauti ya honi za magari iliingia.

Alisema Wizara imeidhinisha hewa ya raia mmoja, kwa fungu lilelile, mwaka hadi mwaka, kwa sharti kwamba mhusika atie saini tamko la ukaaji wa kudumu: hatadai kurejeshwa nyumbani kwa gharama za serikali, akiwa hai wala baada ya kufa. Alisema chumba cha nyuma kifungwe. Alisema Konseli Mwambungu arudi kwa chombo kijacho, baada ya wiki saba, kujibu kuhusu saini kumi na moja, na Bwana Vuai akaimu.

Kisha, badala ya kuzima, Bwana Mkude alivaa miwani yake. "Mheshimiwa, kati ya hizo saini zako, tatu nilizithibitisha mimi huku," alisema. "Niliwahi kuuliza mabomba hayo ni ya nini, Kapufi akaniambia. Nami nitajibu."

Kioo kikazimika. Vuai alitoka akisema anakwenda kuweka maji ya chai, na alikaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Tusekile alichapa fomu, akaisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, hata mstari wa baada ya kufa, kwa sababu hakutaka mzee atie saini kitu asichokisikia. Masalu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alitia saini polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kisha akairudisha kalamu.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekwenda," alisema.

"Ndiyo, mzee. Mimi ndiye."

"Nina dada yangu Meatu. Anaitwa Kabula. Amenizidi miaka minne." Alikiangalia kidole chake chenye wino. "Kila nikizungumza naye ananiuliza narudi lini, nami namwambia mwakani. Miaka ishirini na sita, mwakani. Mwanzoni nilikuwa namaanisha."

"Niende kumwona?"

"Nenda. Usimwambie kwa simu wala kwa barua. Kaa naye chini, kula anachokupa, ndipo umwambie kwamba sirudi. Mwambie nimesema mwenyewe. Mwambie sikufukuzwa na niko kwa watu wangu."

"Nitamwambia hivyo hivyo."

"Kufika si rahisi. Ukishuka Mwanhuzi unatafuta njia ya mnadani, unapita shule, kuna kisima... sijui kama kisima bado kipo." Alifumba macho, akijaribu kukiona. "Anza upande wa kushoto. Hapana. Ngoja nikumbuke."

Tusekile aligeuza nakala ya fomu upande usioandikwa, akachukua kalamu.

"Tuna wiki saba," alisema. "Anza tena, mzee, taratibu, tangu stendi ya basi."